Mokami Huosha Vichwa Ili Namba Zitulie

Maji yako tayari. Mokami Heche anachovya kiwiko ndani ya beseni, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, anasubiri kidogo, kisha anaongeza kata moja ya maji ya baridi. Ni saa moja kasoro robo asubuhi, mtaa wa Nkende, mjini Tarime. Ukungu bado umeilalia migomba ya jirani, na mvuke wa sufuria unapanda taratibu kwenda kuchanganyika nao.

Mbele yake, juu ya kigoda, ameketi mzee Marwa Nikodemo, mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Nyamongo. Amevua shati. Kofia yake ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Mimi nilishabatizwa, mama," anasema. "Tena mara mbili. Kwa Wakatoliki na kwa Wasabato."

"Basi hii ya tatu haitakudhuru, mzee wangu. Inamisha kichwa."

Kabla ya maji kuna kazi ya pakavu. Mokami anachukua sumaku ndogo, ukubwa wa kiberiti, iliyovikwa mfuko wa nailoni. Anaipitisha juu ya mvi za mzee, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, polepole, bila kuvuta unywele hata mmoja. Akiinua mkono, nailoni imeota ndevu nyeusi: punje ndogo ndogo za mchanga zimesimama wima, zimeshikana.

Mzee Marwa anazitazama kwa muda mrefu. "Zote hizo zilikuwa kichwani kwangu?"

"Na bado sijafika nyuma ya masikio."

"Basi unilipe."

"Ingekuwa dhahabu tungegawana. Huu ni ule mchanga mnaoutupa."

Anavua mfuko, mchanga unadondoka ndani ya kopo la maziwa. Sumaku anaitundika kwenye msumari wa kibanda chake cha mabati, hatua kama arobaini kutoka kwenye jengo la kupimia. Haivuki mlango wa jengo hata siku moja.

"Iliyo mle ndani ni kubwa," anaeleza. "Ikiiona hii ndogo itaiita, na hii itaenda mbio bila kuangalia nani amesimama njiani."

Kisha anammwagia mzee maji ya uvuguvugu. Vidole vyake vinazunguka, vinarudi, vinazunguka. Haupiti muda mrefu, kichwa cha mzee kinakuwa kizito mikononi mwake. Amesinzia akiwa ameketi, mdomo wazi, sabuni ikimtiririka shingoni, na Mokami anasimama hivyo hivyo akimshikilia, hamwamshi mpaka povu lianze kukauka.

Ndani ya jengo hilo kuna mashine ya MRI, ndogo, ya kupima kichwa tu. Inatumia sumaku yenye nguvu kuuona ubongo bila kumpasua mtu. Imewekwa hapo na watafiti wanaotaka kujua moshi wa zebaki umewafanya nini watu waliouvuta kwa miaka mingi, tangu dhahabu ilipoanza kuwaita watu Nyamongo kutoka kila upande.

Picha ya kawaida humwonyesha daktari umbo la ubongo. Hapa wanataka zaidi ya picha. Kila sehemu ya ubongo inapewa namba: ina maji kiasi gani, ina chuma kiasi gani, imechoka au iko sawa. Ni kama tofauti ya kumtazama mtoto na kusema amekonda, na kumpandisha kwenye mizani ya kliniki. Lakini mizani inayosema kilo tisa leo, saba kesho na kumi na moja keshokutwa haimsaidii mtoto wala mama yake.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kituo hiki ni kuzifanya namba zitulie. Mokami, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, darasa la saba, ndiye anayeianza kazi hiyo kila asubuhi, kwa beseni.

Baada ya mzee Marwa, leo atakuja mtu wa pili. Ni Nashoni, mdogo wake Mokami wa tumbo moja. Mwaka mmoja umepita tangu apimwe, na namba ya leo itaeleza kama ubongo wake unaendelea kuharibika au umesimama.

Mokami hajazungumza habari hiyo na mtu yeyote asubuhi hii. Ila mlinzi wa geti amejaza mapipa yote mawili ya maji bila kuombwa, na ndoo ya tatu ameiweka karibu na mlango wa kibanda. Mokami ameiona, na baadaye amempelekea kikombe cha uji cha kwanza.

Walizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Mugumu, wilayani Serengeti, watoto wa mkulima mwenye ng'ombe wachache. Mokami alikwenda Nyamongo na mumewe kufuata dhahabu. Mume alirudi kwao Ikoma, yeye akabaki na binti mmoja, Bhoke, na kazi ya mwalo, yaani pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa ili dhahabu ibaki chini.

Kwa miaka kumi na minane alikaa kwenye tope mpaka magoti. Sehemu aliyoijua kuliko wengine ilikuwa ya mwisho. Dhahabu ikishazama kwenye karai, hubaki imechanganyika na mchanga mweusi ambao nao ni mzito. Hapo ndipo sumaku huingia. Unaipitisha juu juu, mchanga mweusi unaipanda, dhahabu inabaki. Ukiwa na papara utaiondoa na dhahabu humo humo.

"Walikuwa wanasema mkono wa Mama Bhoke hauna haraka," anakumbuka. Siku nzuri alipata shilingi elfu tano. Siku mbaya alipewa kiroba cha magwangala, yale mawe ya mabaki, akayapondeponde mwenyewe.

Nashoni alipomaliza shule, Mokami alimtumia nauli. "Nilimwambia njoo, kazi ipo," anasema, akikunja taulo ambalo tayari limekunjwa.

Kazi ilikuwepo kweli. Nashoni alishika karasha, mashine ya kusaga mawe, ambayo huzunguka na mipira ya chuma tumboni mwake huku ikitoa vumbi jeusi linaloingia puani, kwenye kope na kwenye nywele. Jioni aliwachomea wenzake zebaki ili dhahabu ibaki peke yake. Alifanya hivyo juu ya jiko la mkaa, uso karibu na moshi. Alikuwa na mkono mzuri, watu walimwamini. Baada ya miaka kumi na mmoja, mkono ule ulianza kutetemeka.

Mwanzoni alisema ni baridi. Kisha akasema ni njaa. Siku mkewe, Christina, alipomwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado kinagonga meno, hakumwuliza chochote. Kuanzia siku hiyo alimpa chai nusu kikombe, akawa anaongeza kila kinapoisha, kama vile ndivyo desturi ya nyumba yao ilivyokuwa siku zote.

Watafiti walipofika Tarime, Mokami aliomba kazi ya usafi, akapata, mshahara wa shilingi laki moja na elfu themanini kwa mwezi. Nashoni akaandikwa kati ya watu wa kwanza kupimwa.

Namba yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Sehemu za ubongo zinazoongoza mikono zilionekana zimejaa chuma kupita kiasi, kuliko watu wote waliopimwa mwezi ule. Daktari mmoja kijana, kwa nia njema, alimweleza kama alivyoisoma.

Nashoni alirudi nyumbani akaanza kugawa vitu. Redio alimpa jirani. Baiskeli alimpa mtoto wa shemeji yake. Usiku ule alimweleza Christina ng'ombe yupi ni wa nani, akiwataja mmoja mmoja kwa rangi. Christina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemsahau yule mwenye baka. Kesho utaniambia tena, sasa lala."

Wiki tatu baadaye alirudi kupimwa, namba ikashuka karibu nusu. Mwezi uliofuata ikapanda tena, juu kuliko mwanzo. Ubongo wa mtu haupandi na kushuka namna hiyo.

Mtaalamu wa mashine, Ikram Abdurahmani, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Mugumu, alikosa usingizi. Kila asubuhi alikuwa analaza ndani ya mashine chupa ya duara iliyojaa maji maalumu, ambayo namba yake inajulikana. Namba ya chupa haikuyumba. Walimu na wakulima waliopimwa ili kulinganishwa na wachimbaji walikuwa sawa. Waliokuwa na namba zinazoruka ni wachimbaji peke yao.

"Nilimwambia Mama Bhoke siwezi kumpa mdogo wake jibu," anasema Ikram. "Nisingeweza kumwambia mtu habari za ubongo wake kwa namba inayocheza. Si kwamba alikuwa anaumwa sana, wala kwamba haumwi. Hatukujua. Na yeye alikuwa nyumbani anagawa vitu."

Mokami aliendelea kufagia na kufua. Kati ya nguo za kufua kulikuwa na vitambaa vya kulazia kichwa ndani ya mashine, vyeupe, vidogo. Asubuhi moja alivisuuza, akamwaga maji, na chini ya beseni akaona mstari mweusi uliojikunja pembeni.

Alichuchumaa akautazama. Aliutikisa kidogo, ukatembea kwa uzito, ukasimama nyuma ya maji. Ule mwendo aliujua. Alikuwa ameuangalia kwa miaka kumi na minane.

Siku mbili alikaa nao moyoni. "Mimi ni mfagiaji," anasema. "Nikajiuliza, nitaanzaje kuwaambia wasomi kwamba nimeona kitu kwenye maji machafu?" Lakini alikuwa amekumbuka jambo lingine. Siku ya kwanza, Nashoni alitoka karasha akaja moja kwa moja. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu, na Jumapili alikuwa ameoga vizuri kwenda kanisani. Mara ya tatu alitoka karasha tena.

Siku ya tatu alileta sumaku yake ya zamani kutoka nyumbani, akabeba beseni mpaka chini ya dirisha la ofisi, akaita kwa sauti ndogo, "Ikram, mwanangu. Ukipata nafasi."

Ikram alitoka. Hakubaki amesimama. Alikusanya baibui lake akaketi chini kwenye saruji, ubavuni mwa beseni, kama mtoto anayeketi jikoni kwa mama yake. Mokami akapitisha sumaku juu ya maji. Mchanga mweusi ukainuka wote.

"Huu unatoka vichwani mwao," Mokami akamwambia. "Wanalala nao humo."

Ikram alichukua punje chache kwa plasta, akazibandika juu ya ile chupa isiyoyumba hata siku moja, akairudisha ndani ya mashine. Namba ikaruka vile vile kama ya Nashoni. Picha yenyewe ilipinda upande mmoja, kama uso wa mtu kwenye kijiko.

Kumbe sumaku kubwa ilikuwa inavutana na mchanga wa nywele, na mashine ikaudhania kuwa chuma cha ubongo.

Dawa ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa rahisi: wachimbaji wote wanyolewe. Tangazo likabandikwa getini. Wiki hiyo watu tisa walisoma, wakageuza pikipiki zao.

Kwao, mtu hunyoa kichwa kizima anapofiwa. Kumwambia mgonjwa anyoe ndipo apimwe ubongo ni kumwambia ajifanyie matanga angali anapumua. Nashoni alipoambiwa, alicheka kicheko ambacho Mokami hataki kukikumbuka. "Mura wetu, huyu kijana wetu, alisema, 'Dada, sasa wamenihakikishia,'" anasema.

Mokami alikwenda mwenyewe ofisini safari hii. Aliomba beseni, sabuni, kuni na wiki mbili.

Wa kwanza kuoshwa alikuwa Nashoni. Alifika amenuna, akaketi kwenye kigoda akiangalia ukuta. Mokami alipitisha sumaku mara saba. Akamwosha mara ya kwanza, akapitisha tena. Akamwosha mara ya pili. Mara ya tatu nailoni ilitoka safi, lakini hakuacha. Mara ya mwisho kumshika kichwa namna ile Nashoni alikuwa na miaka minne, wamekaa kando ya mto, mama yao anafua.

"Unanikwaruza," Nashoni akasema.

"Ulikuwa unasema hivyo hivyo."

"Na ulikuwa unanikwaruza hivyo hivyo."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya mzaha baada ya miezi minne.

Alipimwa siku hiyo mara mbili, akishushwa na kupandishwa tena katikati. Akapimwa tena wiki iliyofuata, baada ya kuoshwa upya. Namba zote tatu zilikaa mahali pamoja. Hazikuwa nzuri: sehemu zinazoongoza mikono zilikuwa zimeumizwa kweli, na moshi ule ulikuwa umepita humo. Lakini zilikuwa chini sana kuliko ile ya mwanzo. Aliambiwa aache zebaki siku hiyo hiyo, arudi baada ya mwaka mmoja, ndipo itajulikana madhara yanakwenda mbele au yamekoma.

Aliacha. Mwaka huu alikuwa analima mahindi ya watu kwa kibarua. Redio jirani aliirudisha mwenyewe, akadai haishiki stesheni vizuri, ingawa ilikuwa inashika.

Sasa ni saa mbili. Ndani, mashine inagonga: ngo, ngo, ngo, kisha inatetema kwa sauti nyembamba, kisha inanyamaza kama inayofikiri. Kwa nje sauti hiyo hufika kama mvua ya mbali juu ya bati. Wengi husinzia humo. Mokami huwawekea kitenge kilichokunjwa chini ya magoti na kingine chini ya viwiko, maana mtu akitulia mwili, kichwa nacho hutulia, na namba hazipotei.

Mzee Marwa anatoka akipepesa macho. Anapokea uji.

"Nilikuwa nachunga," anamwambia Mokami taratibu. "Ng'ombe wa baba. Walikuwepo wote. Hata yule aliyeibwa."

"Alikuwa amenenepa?"

Mzee anafikiri. "Alikuwa amenenepa," anasema, na anaondoka kwa hatua za mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike.

Nashoni anafika na Christina. Christina anamwamkia wifi yake, kisha anachukua kuni na kuanza kuchochea moto ambao hauhitaji kuchochewa. Nywele za Nashoni siku hizi hazitoi kitu, mwaka mzima yuko mbali na karasha, lakini Mokami anapitisha sumaku vile vile, anaosha vile vile. Leo hawataniani. Ikram anakuja kumchukua mwenyewe, anamshika kiwiko.

Wanawake wawili wanabaki na mvuke. Mashine inaanza. Christina anahesabu kimya kimya kwa vidole kila inaponyamaza. Mokami anafua kitambaa kimoja mara tatu.

Baadaye Ikram anatoka na karatasi, na kama ilivyokuwa siku ile ya beseni, anaketi chini kabla ya kusema.

"Nimempima mara mbili, zimelingana," anasema. "Mama, haijapanda. Upande wa kushoto imeshuka. Kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Ikram anaonyesha kwa kucha, ncha ya kidole. "Mwaka juzi kidogo hiki kisingeonekana. Kingepotea ndani ya mchanga. Sasa nakiona, na nina hakika nacho."

Christina anaketi juu ya kuni. Mokami anaikausha mikono yake kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vimekauka.

Ana mpango. Bhoke atakapomaliza mafunzo yake ya uuguzi mjini Musoma, mwakani, wataanza pamoja kwenda kwenye mialo ya Nyamongo siku za mapumziko, kuwafundisha wanawake wajifunike nywele, waoshe vichwa vya watoto kila jioni, na wakae mbali na jiko la zebaki. Kituo kimekubali kumpa sabuni. Nauli atajilipia.

"Mimi ndiye niliyemwita Nashoni kule," anasema. "Nikiweza kumzuia hata mmoja asifike alipofika yeye, nitashukuru."

Nashoni anatoka, anaketi kwenye kigoda, anapewa uji. Mikono inatetemeka bado, uji unamwagika kidogo kwenye goti. Anaufuta. Ikram amekwisha kumwambia ndani. Anakunywa mpaka nusu, anaangalia ukungu unavyoachana na migomba.

"Dada," anasema. "Pale Turwa bado wanauza miche ya kahawa?"

"Wanauza. Kahawa inakaa miaka mitatu ndiyo uchume."

"Najua."

Mokami anamwongezea uji, nusu kikombe. "Mashimo mangapi?"

"Nafikiri ishirini."

"Chimba arobaini," anamwambia. "Jumamosi nakuja na jembe langu."